Kaptula ya Ndege wa Njano

"Mtani, leo umekula, au mlenda umeteleza ukapitiliza?"

Sauti ya Bibi Nyanzobe ilitangulia kabla ya uso wake. Alikuwa ameinama kwenye dirisha dogo la kupokelea watoto, ubavuni mwa behewa, na nyuma yake walijipanga akina mama wa Itogolo, kila mmoja na mtoto kifuani. Tangu jana, behewa lilipoachwa kwenye njia ya pembeni na wao wakagundua kwamba nesi ni Mgogo wa Dodoma, mtani wao, hawakumpa nafasi ya kupumua.

Nyemo alitabasamu ndani ya barakoa. Tangu utotoni alikuwa mwoga wa kusema mbele za watu, lakini utani ulimfungua kidogo. Katika utani hata mwenye haya anajua pa kuanzia.

"Nimekula, bibi. Nyinyi je, mmeshapata mzigo wa kubeba? Maana Mnyamwezi hata akialikwa harusini, kwanza anauliza mzigo uko wapi."

Wakaangua kicheko. "Mgogo leo kaamka!" mmoja akapiga kelele.

Kalunde peke yake hakucheka. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni, msichana wa miaka ishirini hivi, mwembamba, amesuka nywele mpya kwa ajili ya siku hii. Alimwinua mwanawe Mihayo mpaka usawa wa dirisha. Mtoto alikuwa ameshavalishwa kaptula ya kupimia, ya kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na mikanda yake miwili ya kuning'inizia. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeachana mpaka kwenye tundu la pua, na alipolia mwanga uliingia moja kwa moja ndani, mahali ambapo kaakaa lingepaswa kuwepo.

"Hajanyonya tangu alfajiri, kama ulivyosema," Kalunde alisema. "Amelia sana."

"Tutamaliza mapema. Kabla ya saa sita utamshika."

Nyemo alimpokea. Mkono wa Kalunde ulibaki ndani ya dirisha kwa muda, vidole vimetanuka, kisha ukarudi nje. Dirisha likajifunga. Baadaye mlango mkubwa ukajifunga pia, hewa ikaanza kuvuma kutoka darini, na taa ya juu ya mlango ikageuka kutoka nyeupe kuwa nyekundu.

Taa hiyo ikishakuwa nyekundu, hakuna aliyeingia wala kutoka.

*

Mashine iliitwa Mshono. Ilikuwa na mikono minane ya chuma, myembamba kama spoku za baiskeli, iliyokunjwa juu ya kitanda. Iliweza kufunga mdomo kwa dakika arobaini na kaakaa kwa saa moja na nusu, na kovu lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba mtoto akifika darasa la kwanza wenzake hawakulitambua. Ilitengenezwa kwa sababu madaktari wa kazi hiyo walikuwa wachache, na wote waliishi mijini, wakati watoto walizaliwa popote. Mtoto asipozibwa kaakaa kabla hajaanza kuzungumza, maneno yake hutokea puani maisha yake yote. Kwa hiyo behewa liliwafuata walipo. Lilipita kwenye reli hii mara moja kila baada ya miezi ishirini, likiwa na nesi mmoja ambaye sauti yake ndiyo ilikuwa ufunguo.

Karibu kila kitu Mshono ulijipimia wenyewe: joto, damu, mapigo ya moyo, pumzi. Vitu viwili tu uliviacha mikononi mwa watu. Cha kwanza kilikuwa ridhaa ya mzazi. Cha pili kilikuwa uzito. Hapo zamani mtoto alilazwa kwenye sinia ya chuma ya mashine, lakini sinia ilikuwa ya baridi, na mtoto aliyelia kupita kiasi alivimba koo. Nyemo hakuweza kuvumilia vilio vile. Akaomba ruhusa ya kutumia ndoano ya mzani kama kliniki za vijijini, ambako kila mama huja na kaptula aliyomshonea mwanawe. Ruhusa ikatolewa kwa sharti moja, kwamba kaptula tupu ipimwe kwanza. Siku ya kwanza alizipima zote. Siku ya pili, kwa sababu kila moja ilikuwa gramu mia mbili, hakuona haja.

Mtoto aliye chini ya kilo nne na nusu, Mshono haukumgusa.

Alimtundika Mihayo kwenye ndoano. Skrini ndogo ikaonyesha kilo nne nukta tisa. Mshono ukatoa mia mbili za kaptula. "Kilo nne nukta saba," ukasema kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka. "Amekubalika."

Kwa kawaida Nyemo alimshusha mtoto pamoja na kaptula, akamvulia kitandani na kuivingirisha ndani ya khanga ya mama. Leo Mihayo alikohoa ghafla, uso ukamwiva. Nyemo akamchomoa upesi, akamlaza kifuani, akampapasa mgongo mpaka kikohozi kikatulia. Kisha akamlaza kitandani na kumwekea barakoa ndogo ya nusukaputi. Mihayo alimwangalia. Macho yakalegea, yakafumba.

Nyemo aligeuka kuchukua kaptula.

Ilikuwa bado inaning'inia, tupu, ikizunguka taratibu kwa upepo wa darini. Na skrini juu yake ilisema: kilo moja nukta moja.

*

Alidhani mzani umeharibika. Akaishika kaptula kwa chini, akainyanyua kidogo. Skrini ikasoma sifuri. Akaiachia. Kilo moja nukta moja.

Akapapasa pindo la kiunoni. Chini ya kitambaa, kilichoshonwa mara mbili kwa uzi mnene, vidole vyake vilikutana na kitu kigumu chenye kona sita, na cha pili kando yake, na cha tatu. Nati. Nati kubwa za reli, sita, zimepangwa kuzunguka kiuno chote kama shanga.

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani. Nne nukta tisa, toa moja nukta moja. Kilo tatu na gramu mia nane.

"Thibitisha uzito kwa dozi kuu," ulisema Mshono. "Kilo nne nukta saba. Sema ndiyo au hapana. Una dakika sita."

Nyemo aligeukia skrini kubwa. Alifungua picha za mizani za Isenga, kituo behewa lilikotoka juzi. Mtoto wa kwanza, kaptula nyeupe. Wa pili, ndege wa njano. Wa tatu, ndege wa njano. Alipitisha picha tisa. Katika sita kati yake, kitenge kilikuwa kile kile cha kijani, mikanda ile ile, na yeye mwenyewe akionekana pembeni ametabasamu.

Katika hao sita alikuwepo Mbula. Mbula aliyefanyiwa saa tatu asubuhi na kulala mpaka saa tisa alasiri ya siku iliyofuata. Nyemo alikaa naye muda wote ule, kidole chake ndani ya kiganja cha mtoto, akisubiri kibanwe. Mtoto alipoamka, aliandika kwamba mashine ikaguliwe.

Mashine haikuwa na kosa. Ilitoa dawa ya mtoto wa uzito iliyoambiwa.

"Dakika tano," ulisema Mshono.

Alijua kila jibu linampeleka wapi. Kanuni alizikariri chuoni. Akisema ndiyo, dawa ingeingia, kubwa kuliko mwili huu, na Mihayo angeamka kama Mbula au asingeamka. Akisema hapana, Mshono ungeuliza kwa nini, na sababu zilikuwa mbili tu, kwa kuwa mengine yote ulijipimia. Ikiwa ni uzito, safari nzima ingefungwa. Mashine ingezimika hapa hapa mpaka uchunguzi uishe, na watoto kumi na mmoja waliokuwa nje, pamoja na arobaini wa vituo viwili vya mbele, wangebaki walivyo. Ikiwa ni mzazi aliyeghairi, kwa sauti yake mwenyewe, Mshono ungemwamsha mtoto na kuita anayefuata. Ila mtoto ambaye mzazi wake ameghairi akiwa mezani alifutwa kwenye orodha, na hakurudishwa.

Makao makuu hawakupatikana. Setilaiti ingepita baada ya dakika hamsini.

Upande wa pili wa kioo cha mlango, Kalunde alikuwa amesimama na khanga tupu mkononi, akijaribu kumwona mwanawe juu ya bega la Nyemo.

Nyemo alibonyeza kitufe cha spika. Akaiinua kaptula mbele ya kioo.

Hakuhitaji kuuliza. Uso wa Kalunde ulikiri wote mara moja.

*

"Nani alishona?" Nyemo aliuliza.

Akina mama walisogea. Bibi Nyanzobe akajipenyeza mbele. "Mdogo wangu wa Isenga. Mumewe yuko kwenye genge la mafundi wa reli. Aliituma kwa treni ya abiria, juzi." Sauti ya utani ilikuwa imemtoka kabisa. "Nesi, hawa watoto hawawezi kunyonya. Maziwa yanawatoka puani. Watafikaje kilo nne na nusu? Mwaka juzi mjukuu wa jirani alirudishwa kwa gramu mia. Mia, nesi! Tukasema safari hii hatutarudishwa."

"Dawa inapimwa kwa uzito, bibi. Uzito ukiwa wa uongo, dawa inazidi."

"Hatukuambiwa hivyo. Tuliambiwa namba tu."

Hilo lilikuwa kweli. Nyemo aliwaza maneno yote aliyowaambia tangu jana: kuhusu usafi, kuhusu kutomnyonyesha mtoto alfajiri, kuhusu kuja mapema. Uzito aliwatajia kama namba ya mlangoni, kama kimo cha kupanda bembea.

"Dakika nne."

"Hiyo mashine inasema nini?" Kalunde aliuliza.

Nyemo alimweleza. Alimweleza kwa kifupi, kwa sauti ndogo, huku mkono wake mwingine ukiwa juu ya kifua cha mtoto kuhesabu pumzi. Alipofika kwenye kughairi, kundi la nyuma lilishtuka kama waliomwagiwa maji.

"Basi aseme ameghairi!" sauti ikatoka. "Mama Mihayo, sema, wetu wapite!"

"Wako wapite na uzito gani?" mwingine akamgeukia. "Wako si angevaa kaptula hiyo hiyo?"

"Wangu ana kilo tano za haki!"

"Nyamazeni," Bibi Nyanzobe alisema, lakini hata yeye alikuwa anamtazama Kalunde. Mjukuu wake Shija alikuwa wa nane kwenye orodha.

Kalunde alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Nikisema nimeghairi, mwanangu atashonwa lini?"

"Mshono hautamshona tena. Labda mjini, mkipata nafasi."

"Mjini." Alilitamka kama jina la nchi ya mbali. "Na ukiendelea?"

"Anaweza kuamka."

"Wale sita waliamka."

"Waliamka. Mmoja nilikaa naye siku nzima na zaidi nikimwomba Mungu. Alizidishiwa karibu kilo nzima, kama huyu. Na huyu ni mdogo kuliko yeye."

Kalunde alitikisa kichwa pole pole, si kwa kukataa, ni kama mtu anayejaribu kutoa maji sikioni. "Nesi. Hapo dirishani nilikukabidhi mtoto. Sikukukabidhi swali."

Nyemo akaishusha kaptula. Shingo ilimwaka moto chini ya kola. Aliona wazi alichokuwa anafanya. Alikuwa amefungiwa ndani na jambo zito, akatafuta tundu la kulipitishia nje, na tundu alilolipata lilikuwa msichana huyu mwenye nywele mpya.

"Dakika mbili."

"Sema, mama Mihayo," mtu alibembeleza. "Watoto hamsini na mmoja. Sema tu."

Mikono ilimgusa Kalunde mabegani. Hawakumsukuma. Walimsogeza kwa upole, kama anavyosogezwa mfiwa, mpaka mdomo wake ukawa karibu na maiki iliyokuwa kando ya mlango. Kalunde akafumba macho. Akavuta pumzi.

Nyemo akazima spika.

Behewa likawa kimya. Nje, midomo iliendelea kucheza bila sauti. Akamgeukia Mihayo, kwenye kile kidevu kidogo kilichokuwa kinapanda na kushuka chini ya barakoa.

"Hapana," alisema.

"Taja sababu."

"Uzito. Ni kilo tatu nukta nane."

"Chanzo cha tofauti. Udanganyifu wa mzazi, au kosa la mhudumu?"

Hakuwa amelikumbuka swali hili. Chuoni walilipita haraka, wakicheka, kwa kuwa hakuna aliyedhani angewahi kuulizwa. Udanganyifu wa mzazi ulimaanisha majina ya kuchunguzwa: Kalunde, na wale sita wa Isenga, na watoto wao. Kosa la mhudumu lilimaanisha jina moja.

Yote mawili yalikuwa kweli. Nati zilishonwa na mtu. Na kaptula haikupimwa tupu, mara saba, na mtu mwingine.

"Kosa la mhudumu," Nyemo alisema. "Sikuipima kaptula."

"Imepokelewa. Ufunguo wa sauti umefungwa. Safari imefungwa. Mtoto ataamshwa. Mlango utafunguka baada ya dakika thelathini na nne."

Ile mikono minane ya chuma, iliyokuwa imeanza kukunjuka juu ya kitanda, ikarudi ilikotoka, mmoja mmoja.

*

Zilikuwa dakika thelathini na nne ndefu kuliko shule yake yote. Hakuwasha spika tena. Hakuwa na ujasiri huo. Aliona kwenye kioo habari ikifika bila yeye kuisema, pale skrini ya nje ya behewa ilipoandika SAFARI IMEFUNGWA kwa herufi kubwa. Mwanamke mmoja alikaa chini, pale pale kwenye kokoto. Mwingine alipiga mlango kwa kiganja, mara tatu, kisha akaacha. Bibi Nyanzobe alisimama ametazama upande wa reli, kuelekea vituo vya mbele, ambako akina mama wengine huenda walikuwa wameshafika kwa miguu na wanakaa kwenye majukwaa wakisubiri.

Nyemo aliwafikiria hao. Aliwapa sura. Hakujizuia.

Mihayo aliamka dakika ya ishirini na moja. Alianza kwa kunyonya hewa, kisha akalia, kilio cha njaa, kikali, cha puani. Nyemo akakaa sakafuni na kumpakata, akalia naye mpaka barakoa ikalowa.

Taa ilipogeuka nyeupe, Kalunde aliingia kabla mlango haujafunguka wote. Alimchukua mtoto na kaptula. Hakusema asante, hakutukana. Alimtazama Nyemo kama mtu anavyotazama mto aliouvuka nusu.

"Ulinizima," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nasema."

"Najua."

Akaondoka. Hakuna aliyemtania nesi siku ile, wala kesho yake.

*

Makao makuu waliandika mistari minne. Abaki ndani ya behewa. Asiguse mashine. Behewa lisisogezwe mahali lilipofungiwa. Wachunguzi watakuja.

Uchunguzi wa mwisho wa aina hiyo, katika reli nyingine, ulichukua siku tisini na sita. Nyemo alisoma mistari hiyo ameketi kwenye ngazi ya behewa, miguu ikining'inia. Mbele yake kulikuwa na reli yenye kutu, kisima cha pampu, na nyumba kumi na tano za Itogolo. Hakukuwa na pa kwenda. Kila aliyepita kuteka maji alimwona, na yeye alimwona kila aliyepita.

Asubuhi ya tatu alifungua sanduku lake la chuo. Chini kabisa, chini ya sare, kulikuwa na mzani wa zamani wa mkono, wa uso wa saa na ndoano, ambao mwalimu wake alimpa kama kumbukumbu. Akautundika kwenye bomba la ngazi. Akachukua kikombe kidogo cha chuma na kijiko. Hakumwita mtu. Alikaa tu, ameviweka mapajani, mashavu yanamwaka.

Jua lilikuwa limepanda kidogo Kalunde alipotokea. Mihayo alikuwa mgongoni. Mkononi alishika kadi ya kliniki, na kaptula.

"Unakaa hapa siku ngapi?" aliuliza.

"Labda tisini. Sijui."

"Na hili dude nalo?"

"Halisogei mpaka wamalize. Halafu sijui watampa nani ufunguo. Mimi hawatanipa." Akainua kikombe. "Akipewa maziwa ya kukamuliwa, kwa kikombe, akiwa amekaa wima, kidogo kidogo mara kumi na mbili kwa siku, anaweza kuongeza gramu ishirini na tano kila siku. Nitakuonyesha. Nilipaswa kukuonyesha siku ile ya kwanza."

Midomo ya Kalunde ilitikisika akihesabu. Alihesabu mara mbili.

"Mwezi," alisema.

"Mwezi hivi. Siwezi kukuahidi kitu, mama Mihayo. Wanaweza kuja wiki ijayo wakalikokota."

"Sijakuomba ahadi. Nionyeshe hicho kikombe."

Walikuwa wameinama wote wawili juu ya mtoto, maziwa yakiingia kijiko baada ya kijiko, na machache tu yakirudi puani, kivuli kilipoanguka juu yao. Bibi Nyanzobe alikuwa amesimama na Shija kiunoni. Alilitazama behewa kutoka gurudumu la kwanza mpaka la mwisho.

"Mgogo," alisema, "umetuletea mzigo usiobebeka."

Nyemo aliinua macho. Hakujua kama huo ni utani au la. Uso wa bibi haukumsaidia.

"Ndiyo, bibi."

"Nipimie wangu."

Nyemo akanyoosha mkono kwa kaptula ya ndege wa njano. Pindo lilikuwa limefumuliwa. Uzi ulining'inia kiunoni kote. Bibi Nyanzobe aliinyakua kwanza yeye, akaingiza kidole ndani ya pindo, akakizungusha taratibu mpaka kikatokea upande wa pili, akamwonyesha kidole kile kikiwa kitupu.

"Haina kitu," alisema. "Pima."

Nyemo akaipokea. Akaitundika tupu kwanza, akasubiri mshale utulie.